Mama Ngojakwanza na Treni ya Machungwa

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa zuri tu, lakini hakuna aliyelitumia. Mji mzima ulimwita Mama Ngojakwanza, na jina hilo alilipata kabla hajawa mama wa mtu yeyote. Kijana mmoja mkulima, mrefu, mwenye kicheko cha karibu, alimfuata alipokuwa akichambua machungwa, akajikohoza, akamwambia kwamba angependa wafunge ndoa. Msichana hakuinua hata kichwa. "Ngoja kwanza," akasema, na kijana akangoja msimu mzima. Huku nyuma msichana alikuwa akipeleleza. Alimuuliza jirani wa kijana kama huwa anampiga mbwa wake. Alimuuliza fundi seremala kama anarudisha vifaa anavyoazima, na kama vinarudi na mipini yake. Aliporidhika alimwendea mwenyewe shambani, akamwambia, "Haya, umengoja vya kutosha." Kijana alicheka mpaka akakaa chini kwenye matuta, na wakaoana.

Kazi yake ilikuwa bandani, jengo refu la mabati lililosimama bega kwa bega na stesheni. Humo machungwa na machenza ya mji mzima yalipangwa kwenye makasha kabla ya kupakiwa katika mabehewa. Alianza kama mchambuzi, akaja kuwa msimamizi wa wanawake wote wa bandani, na hakupanda cheo kwa maneno matamu. Alipanda kwa pua. Angeweza kupita mbele ya kasha lililokwisha kupigiliwa misumari, akasimama, akarudi nyuma kidogo, akasema, "Fungua hili." Lingefunguliwa, na chini kabisa lingekutwa chungwa lenye doa la kijani, limeanza kulegea. Wanawake walimcheka wakisema msimamizi wao anashuku hata tunda lililo bado mtini. Naye aliwajibu, "Chungwa bovu halipigi hodi."

Tabia hiyo hakuiokota njiani. Aliirithi kwa baba yake, na baba yake aliipata kwa reli.

Kabla ya reli, mji ule haukuwa mji. Zilikuwa nyumba chache mlimani, zimezungukwa na michungwa iliyozaa kupita kiasi. Matunda yalianguka yakaoza. Mbuzi waliyala mpaka wakayasusa. Hapakuwa na wa kumuuzia, kwa sababu kila jirani alikuwa na michungwa yake. Kisha wakaja watu wa reli. Wakapitisha kamba katikati ya shamba la baba yake, wakakata safu nzima ya miti, wakalaza mataruma na vyuma vya reli juu yake, wakajenga stesheni na mnara wa tangi la maji. Watu wakashangilia, wakisema kumbe habari za machungwa yetu zimefika mbali.

Baba yake hakushangilia. Yeye alipewa kibarua cha pampu iliyopandisha maji kutoka mtoni hadi kwenye tangi, kwa hiyo alikuwa akiiona injini kwa karibu, ikifika inahema, ikinywa, ikaondoka. "Treni hii haikuja kwa ajili ya machungwa," alimwambia binti yake. "Ilikuja kunywa maji. Machungwa imeyakuta tu. Mgeni aliyepitia kwako kwa kiu, usimfanye ndugu."

Lakini kwa kuwa treni ilisimama, watu walipeleka matunda. Na kwa kuwa matunda yalikwenda, wengine walikuja kuyafuata. Seremala akahamia pale kupiga makasha. Maduka yakafunguliwa kandokando ya stesheni, kisha shule, kisha zahanati. Filimbi ya treni ikawa saa ya mji: ikilia asubuhi, chungu kimeinjikwa, ikichelewa, mama wa nyumba hajui kama awafokee watoto kwa kuchelewa au awaache. Baadaye zikaja injini za mafuta, ambazo hazikuhitaji maji ya mtu. Tangi likashika kutu, njiwa wakahamia. Watu wakamcheka mzee wa pampu: "Unaona? Kiu imekwisha, na bado inasimama!" Mzee aliwaitikia kwa kichwa tu. Alikufa bila kukubali kwamba alikosea, na wasiwasi wake ukabaki kwa binti.

Mume wa Mama Ngojakwanza alikuwa na mdogo wake mmoja. Wazazi wao walikufa mapema, kwa hiyo kijana huyo alilelewa pale pale kwao. Shemeji yake ndiye aliyemfulia sare za shule, na ndiye aliyemficha chini ya kitanda siku alipovunja dirisha la jirani. Kijana akafaulu, akaenda chuo cha reli, na baada ya kuzungushwa katika stesheni za mbali akarudishwa nyumbani akiwa stesheni masta, na kofia yenye ukingo unaong'aa. Mji ulivimba kwa fahari. Sasa treni ilikuwa yao hasa. Imeshikwa na mtoto wa nyumbani.

Alikuwa na mke na watoto katika nyumba ya reli, lakini chakula cha mchana alikula kwa kaka yake, na haikupita siku bila yeye na shemeji yake kutaniana.

"Shemeji, leo umemshuku nani?"

"Wewe. Umenawa mikono kabla hujaambiwa. Umetoka kula wapi?"

"Kwa mke wangu."

"Na bado una njaa? Basi wa kushukiwa ni yeye."

Ndivyo walivyoishi, miaka ikaenda, mpaka ukafika mwaka ambao stesheni masta hakulima bustani.

Nyuma ya stesheni palikuwa na kipande cha ardhi alichokipenda kuliko kofia yake. Alipanda nyanya, bamia, mchicha na vitunguu, kwa mistari iliyonyooka utadhani imepimwa na watu wa reli. Mwaka ule mvua zilianza, zikakolea, na magugu yakajiotea bila bughudha. Mama Ngojakwanza alisimama kwenye uzio.

"Shemeji, bustani imekufanya nini?"

"Mgongo, shemeji. Mgongo unaniuma."

Akampa pole, akaenda zake. Mchana huo huo, kupitia upenyo wa bati, akamwona amelibeba gunia la abiria mzee na kulitupia ndani ya behewa kama mtu anayetupa mto kitandani.

Jioni akamwambia mumewe, "Mtu asiyepanda nyanya ni mtu asiyetegemea kuzila."

"Au ni mtu mwenye mgongo mbovu."

"Mgongo nimeuona. Ni mzima kuliko wako."

Toka hapo macho yake hayakutulia. Kioo cha taa ya ishara kilivunjika, na badala ya kuletwa kingine, pengo lilizibwa kwa kipande cha bati. Vibarua waliokuwa wakifyeka njia hawakuonekana tena. Majani yakaota katikati ya mataruma, na kuku wa mwenye duka wakawa wanatembeza vifaranga humo. Mke wa stesheni masta akawachukua watoto, akaenda nao kwao, eti shule za kule ni nzuri zaidi. Lakini kilichomkosesha raha kuliko vyote kilikuwa hiki: utani ulikatika. Stesheni masta alianza kuwa mpole. Alimsifu kwa mapishi, akamsifu kwa makasha, akamwitikia kila kitu "ndiyo, shemeji." Shemeji asiyekutania, aliwaza Mama Ngojakwanza, ama umemkosea, ama amekukosea. Na mimi sijamkosea.

Mwaka huo huo ndipo mumewe alipoamua kupanda machenza katika bonde lao. Bonde lile lilikuwa la mahindi na maharage, ndilo lililowalisha. Lakini machenza yalikuwa yakigombewa katika mji mkubwa treni ilikokwenda, na mume alikuwa amekwisha kuagiza miche.

"Ngoja kwanza," akasema mkewe.

"Ningojee nini?"

"Sijui bado. Ndiyo maana nasema ungoje."

Mume akaona njia rahisi ya kumaliza ubishi. Mchana uliofuata, wote watatu wakiwa mezani, akamgeukia mdogo wake. "Wewe ndiye mwenye treni. Shemeji yako ameanza mambo yake. Mwambie basi, roho yake itulie. Treni ipo?"

Stesheni masta alikuwa akikoroga chai. Sukari ilikuwa imekwisha kuyeyuka zamani, lakini kijiko kiliendelea kuzunguka.

"Treni ipo, kaka."

"Umesikia?" mume akamwambia mkewe.

"Nimesikia. Amesema ipo. Sijamsikia akisema itakuwepo."

Shemeji yule wa zamani angecheka, angemwambia aende akawe hakimu. Huyu aliinuka, akashukuru kwa chakula, akaondoka, na kofia akaisahau juu ya meza.

Mahindi yakang'olewa, miche ikapandwa. Mama Ngojakwanza aligombana, akanuna, akagombana tena, na alichoambulia ni ukanda mwembamba wa mahindi upande wa juu. Mume alipanda kwa furaha, anapiga mluzi, anawaonyesha majirani. Nao majirani, walipoona kaka wa stesheni masta anapanda, wakasema huyu hawezi kukosa habari. Wakaagiza miche na wao.

Kila mche ulioshuka ardhini ulimchoma Mama Ngojakwanza. Akazidi kwenda stesheni. Leo amefuata misumari, kesho anauliza behewa limechelewa kwa nini, keshokutwa hana hata kisingizio. Alisimama karibu na dirisha la ofisi, akisikiliza simu ikilia na sauti ya shemeji ikishuka mara tu alipojitokeza. Hakujua kwamba wakati yeye anawatazama wengine, wengine nao wanamtazama. Mwanamke mzima, kila siku dirishani kwa shemeji yake, na mke wa shemeji kaenda kwao? Maneno yakaanza bandani, yakavuka barabara, yakanunua chumvi dukani, yakarudi. Alipoingia ghafla, mazungumzo yalikatika, na alidhani wanawake wale nao wana jambo la reli wanalomficha.

Mumewe ndiye aliyemfungua macho. Walikuwa wamekaa barazani, jua linazama, yeye anapembua maharage.

"Mke wangu, nitakuuliza jambo moja. Ukinijibu, sitauliza tena."

"Uliza."

"Unafuata nini stesheni?"

Aliposikia sauti ile ndipo alipoelewa. Ungo ukamwelemea mikononi. "Nani amekutuma?"

"Sijatumwa. Watu wanasema."

"Miaka yote hii nimemshuku kila mtu wa mji huu isipokuwa wewe. Leo wewe ndiye unanishuku mimi."

"Sijakushuku. Nimeuliza tu."

"Kwangu hayo ni mamoja."

Siku kadhaa waliishi kwa maneno ya lazima tu: chakula tayari, funga mlango, mvua inakuja.

Hasira hiyo ndiyo iliyompeleka Mama Ngojakwanza ofisini kwa shemeji yake. Alikwenda saa ya watu wengi, akafungua dirisha wazi kabisa ili kila mwenye macho aone, akaketi bila kukaribishwa. Chumba kilinuka mafuta ya taa. Bendera mbili, nyekundu na kijani, ziliegemea kona. Ukutani palikuwa na miraba myeupe iliyobaki baada ya picha za watoto kubanduliwa.

"Sare zako nilifua kwa mikono hii," akasema. "Niangalie machoni. Treni inaondoka?"

Stesheni masta akaangalia dirishani. "Shemeji, usiniulize nisichoruhusiwa kujibu."

"Basi umenijibu."

"Sijakujibu kitu!"

"Umenijibu, tena sasa nauliza jingine. Kaka yako amepanda kwa neno lako. Na mji umepanda kwa neno la kaka yako. Utawaambia lini?"

Stesheni masta alivua kofia, akaigeuzageuza. Sauti yake ilitoka ndogo. "Nikifungua mdomo, kazi sina. Nyumba ninayolala ni ya reli. Halafu hawajaamua kabisa. Huenda wakabadilisha mawazo. Tafadhali, shemeji. Nyamaza kidogo."

"Wewe ndiye mfanyakazi wa reli," akamwambia akiinuka. "Mimi si mfanyakazi wao."

Alimwambia mumewe kila kitu, neno kwa neno. Mume alisikiliza akiwa amekunja uso. Mwishowe akatikisa kichwa. "Mdogo wangu hawezi kujua jambo kama hilo asiniambie. Nimemlea. Umeyasikia vibaya."

Basi mkewe akapiga moyo konde, akalipeleka jambo hilo kwenye mkutano wa wakulima uliofanyika pale bandani. Alisimama mbele ya wanaume waliokaa juu ya makasha yake, akawaeleza habari za kioo, za majani, za bustani. Alipofika kwenye nyanya, mtu mmoja nyuma akapasuka kicheko. Mwenyekiti wa wakulima, mtu mnene aliyependa mambo yaishe mapema, akasema hakuna haja ya kubahatisha wakati mwenyewe yupo, na stesheni masta akaitwa.

Alikuja na kofia yake. Akasimama, akawatazama, akatabasamu. "Ndugu zangu, shemeji yangu mnamjua. Huyu alimngojesha hata kaka yangu."

Banda likavunjika kwa kicheko. Mume naye alicheka, kisha akakutana na macho ya mkewe, kicheko kikamkauka. Mkutano ukafungwa. Mama Ngojakwanza peke yake ndiye aliyeona kwamba shemeji hakukanusha hata neno. Alikuwa amewachekesha, wakasahau kwamba hawakujibiwa. Alipopita karibu yake mlangoni, stesheni masta alinong'ona, "Nisamehe." Mama Ngojakwanza akatoka nje. Alijiuliza, mtu anaomba msamaha wa jambo ambalo halipo?

Baada ya hapo hakumwambia mtu tena. Alianza kumtafuta mwenye lori.

Alikuwepo dereva mmoja aliyeleta saruji dukani na kurudi mji mkubwa na lori tupu. Barabara ilikuwa mbaya na lori lilikuwa zee. Mama Ngojakwanza alimzunguka yeye na lori lake kama mtu anayenunua ng'ombe. Akapiga mateke matairi. Akainama kutazama mafuta yanadondokea wapi. Akamuuliza, "Ukiharibikiwa njiani na mzigo wangu, utafanya nini?"

"Nitatengeneza, mama."

"Ikishindikana?"

"Nitasubiri msaada."

"Na machungwa yangu?"

Dereva akajikuna kichwa. "Hayo nitakula, mama. Nitakuwa nina njaa."

Jibu hilo lilimpendeza, kwa sababu ndilo la kweli. Hata hivyo hakumwachia mzigo. Alipakia makasha machache ya shamba lao, akafunga kitambaa kichwani, akapanda mbele na kusafiri naye mwenyewe. Walipambana na mashimo njia nzima. Alifika mji mkubwa mifupa yote inamuuma, lakini machungwa yalikuwa salama. Sokoni aliwapita wanunuzi waliokuja mbio, akasimama mbele ya mama mmoja aliyekuwa hajamwita. Mama yule alimenya chungwa, akalinusa kwanza, ndipo akalionja.

"Nyinyi si mna treni kule? Mbona umeleta kwa lori?"

"Siiamini treni."

"Lori unaliamini?"

"Hata kidogo."

Mama wa sokoni akacheka, akamvutia kigoda. Wakapatana. Alirudi na ahadi kwamba atakacholeta kitapokelewa. Wanawake wa bandani walipomuuliza alikotoka, aliwaambia. Wachache wenye mashamba, ambao pengine walikuwa wamechoka kumcheka, walianza kumpa kasha moja moja.

Msimu ulipokolea, michungwa ilizaa vizuri. Makasha yalipangwa jukwaani mpaka yakaizidi kimo milango ya stesheni. Asubuhi ilikuwa ya kawaida kabisa. Treni ilisikika kwa mbali, watu wakajiweka tayari. Ilipojitokeza kwenye kona, ilikuwa na kichwa na behewa moja la abiria. Mabehewa ya matunda hayakuwepo. Haikusimama hata muda wa kutosha. Ilishusha watu, ikapiga filimbi, ikaondoka, na wapakiaji walibaki wameshika makasha mikononi.

Stesheni masta akatoka akiwa amevaa sare kamili, viatu vimepigwa rangi. Akavua kofia. Alisema hiyo ilikuwa ya mwisho. Njia inafungwa. Hakuna treni kesho wala mwezi ujao.

Mwenyekiti wa wakulima akaanza kupiga kelele kwamba ni uongo, na wengine wakadakia. Katikati ya kelele hizo mume wa Mama Ngojakwanza alipenya kati ya watu akaenda mpaka mbele ya mdogo wake. Watu wakasogea wasikie.

"Ulijua?"

"Nilijua, kaka."

"Tangu lini?"

Stesheni masta akaitazama kofia mkononi mwake. "Kabla hujapanda."

Watu walidhani atampiga. Hakumpiga. Alitafuta mahali pa kukaa, akaketi juu ya kasha, akaanza kupapasa magoti yake kana kwamba amepoteza kitu.

"Niliambiwa mji ukijua mtaacha kuleta mzigo," mdogo mtu akasema haraka haraka, "na mzigo ukipungua watafunga mapema zaidi. Nikasema acha mpande. Mkipanda mengi, mabehewa yakijaa, wataona, watageuza mawazo. Nilidhani nawaokoa. Kaka, wallahi nilidhani nawaokoa."

Mume hakuinua kichwa. Mama Ngojakwanza alimtazama shemeji yake kwa muda mrefu. Maneno yale yalikuwa na sura ya ukweli. Yalikuwa pia na sura ya maneno yaliyofanyiwa mazoezi mbele ya kioo. Alishindwa kujua ni yapi, na hakukuwa na nafasi ya kujua, kwa sababu jua lilikuwa limepanda na machenza hayasubiri hukumu.

"Rudisheni makasha bandani kwenye kivuli," aliwaambia wanawake. "Milango yote wazi. Matunda yaliyolainika yatolewe sasa hivi, yasiambukize mengine."

Hakumwambia mtu kwamba aliwaonya. Alipeleka salamu kwa dereva wa saruji, na dereva akaja na mwenzake, na mwenzake akaja na mwingine. Hata hivyo malori hayakutosha. Matunda mengi yaliozea pale pale. Harufu yake tamu iliyochacha ilikaa mjini wiki nyingi, ikaingia mpaka kwenye nguo zilizoanikwa. Usiku mmoja mume alimwambia gizani, "Nilicheka siku ile, bandani." Akajibu, "Nilikuona." Mume akaushika mkono wake, naye akauacha ushikwe.

Mji haukufa, lakini ulikonda. Seremala alifunga karakana akahama. Maduka ya kando ya stesheni yakafungwa, mengine yakageuza milango yakatazama barabara. Vijana wengi waliondoka na malori yale yale yaliyobeba machungwa. Banda lilibaki, na Mama Ngojakwanza akabaki nalo. Wakulima walimchagua awe mwenyekiti wao, na hata kwa uenyekiti aliwaambia wangoje kwanza, akakubali mkutano uliofuata. Machenza ya bondeni yalikuja kuzaa, tena sana, na mumewe hakuthubutu kujisifu mbele yake.

Stesheni masta alihamishwa, kisha akastaafishwa. Alirudi mjini nywele zimekuwa nyeupe, akaomba chumba kwa kaka yake. Mume alimkubalia kabla hajamaliza kuomba. Damu ni damu. Mama Ngojakwanza alimpa chumba cha uani, akampa shuka safi, na kwa miezi mingi alimtazama jinsi alivyotazama kasha lililokwisha kufungwa. Siku moja, wakiwa wanachambua machenza, akaona wakati umefika.

"Shemeji, nikuulize la zamani."

"Uliza. Nilijua utauliza."

"Kama usingekuwa na la kupoteza, si kazi, si nyumba, ungemwambia kaka yako?"

Yule mzee akalishika chenza, akaligeuza, akalinusa kama alivyofundishwa.

"Nimejiuliza hivyo mara nyingi," akasema. "Ningependa kukwambia ndiyo. Sijui, shemeji."

Mama Ngojakwanza akaitikia kwa kichwa. Hakumsamehe siku ile, wala hakujifanya amemsamehe, ila alisogeza kapu lake karibu ili mzee asiinuke kulifuata. Nje lori lilikuwa likirudi kinyumenyume mlangoni, na lilikuwa na dereva mgeni. Mama Ngojakwanza alijifuta mikono, akatoka, akamwambia afungue turubai lote kwanza, aone ndani kuna nini kabla ya kupakia.